Kutabana kwa Kinorse: niliyojifunza kwa koo langu mwenyewe

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba Jumatano jioni hukutana na kikundi hapa Bergen, Norway, tukighani matabano ya Wanorse wa kale, yaani Waskandinavia wa zama za Waviking, swali la kwanza huwa ni moja: umekuwa mganga? La pili huja polepole: na swala je? Swala naswali, uganga sina. Mimi ni mpishi katika nyumba ya kulelea wazee, mzaliwa wa Tanga, niliyekulia kwenye qasida na maulidi. Koo langu halijazoea kunyamaza. Huku ugenini nimekuta kazi ya sauti iliyonifaa, nikaingia.

Kwa asiyezijua, runi ni herufi za watu wa kaskazini mwa Ulaya kabla hawajachukua alfabeti ya Kilatini. Zilikuwa 24, na kuelekea zama za Waviking zikapunguzwa hadi 16. Zilichongwa kwenye mbao, mifupa, mawe na chuma, na kila moja ilikuwa na jina: fe ni mali, sol ni jua, thurs ni jitu baya. Sehemu kubwa ya maandishi ya runi haina uchawi wowote. Ni majina, madeni, kumbukumbu za marehemu. Lakini yapo yaliyoandikwa ili jambo litokee, na ndani ya mashairi na masimulizi ya Iceland uandishi huo huandamana na utabano wa kinywa uitwao galdri. Leo wengi wanazijua runi kama vijiwe kwenye kifuko, vya kupigia ramli. Sauti imeachwa nyuma, na pale inaporudishwa, mara nyingi hurudishwa kwa namna ambayo Mviking asingeitambua.

Namna hiyo ndiyo niliyoanza nayo. Ilikuwa semina ya mwisho wa wiki, ukumbi wa kukodi, watu wamevua viatu. Tulisimama tukiigiza umbo la kila runi kwa mikono na miguu, kisha tukavuta jina lake kwa pumzi moja: ffffff, eeeeee, huuuuuu. Sitasema uongo, mwili ulifurahi. Ukivuta "mmm" ya runi iitwayo "mtu" dakika nzima, kifua chote kinatetema, mabega yanashuka, na usiku unalala vizuri. Mwalimu wa kwaya yeyote angelikubali lile kama zoezi la kupasha koo moto. Mwenye semina alituambia kwamba hivyo ndivyo Waviking walivyofanya, na hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Zoezi lile lina umri wa kama miaka mia moja. Guido von List, mwandishi wa Austria, alipofuka kwa muda mwaka 1902 baada ya kupasuliwa macho, akadai kwamba katika giza lile alifunuliwa runi 18, akazichapisha mwaka 1908. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wajerumani wawili, Friedrich Bernhard Marby na Siegfried Adolf Kummer, wakawafundisha watu kusimama kwa umbo la runi na kuvuta sauti yake. Hizo ndizo fe na huu zetu za ukumbini. Zilizaliwa katika mazingira ya watu waliohubiri ubora wa damu ya Kijerumani, ingawa hilo halikumwokoa Marby mwenyewe: Wanazi walimfunga na kumtia kambini. Mtu mweusi mwenye hijabu anapovuta runi katikati ya duara la Wazungu, historia hii si ya vitabuni tu. Kwenye semina bwana mmoja aliniuliza, kwa upole mtupu, kama nahisi kitu chochote, maana runi "zimo kwenye damu". Nikamwambia nahisi njaa.

Mlango wa kweli niliupata mjini humu humu. Julai 1955 moto uliteketeza sehemu ya Bryggen, gati la kale la wafanyabiashara wa Bergen, na wachimbaji walipoanza kufukua chini ya majivu wakakuta vijiti vya mbao vilivyochongwa runi, mpaka vikapita 600. Ni maisha ya mji mzima: lebo za magunia, barua za biashara, sala za Kilatini, matusi, mapenzi. Kimoja kinasema tu kwamba Gyda anataka urudi nyumbani. Na kimoja cha karne ya 14, chenye pande nne na ncha iliyovunjika, kinasema:

Ríst ek bótrúnar, ríst ek bjargrúnar,
einfalt við álfum, tvífalt við trollum, þrífalt við þursum.

Nachonga runi za kuponya, nachonga runi za kukinga; mara moja dhidi ya mapepo, mara mbili dhidi ya mazimwi, mara tatu dhidi ya majitu. Niliyasoma yale maneno kwa sauti nikiwa jikoni kazini, nikikatakata karoti, na kisu kikaanza kufuata mapigo yake. Hakuna irabu iliyovutwa pale. Kuna hatua, moja, mbili, tatu, na herufi za mwanzo zinazogongana: tví na trollum, thrí na thursum. Mwanamke aliyekulia kwenye tenzi hahitaji kuambiwa kwamba haya yalitungwa kwa ajili ya kinywa.

Nikatafuta watu wanaoyaghani. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu wa lugha, mama mmoja mkali wa matamshi kuliko maalim wangu wa chuoni. Siku ya kwanza aliniuliza nimejifunza wapi kutamka herufi mbili za Kinorse, þ na ð, ambazo Wanorway wa leo wamezipoteza na wenzangu wanahangaika nazo. Nikamwambia ya kwanza ni ya thelathini na ya pili ni ya dhahabu, kwetu mtoto anazijua kabla ya kuota meno. Raha yangu haikudumu. Tulipofika kwenye y na ø nilitaabika mpaka midomo ikauma.

Somo kubwa la kikundi kile lilikuwa bahari ya ushairi inayoitwa galdralag, yaani bahari ya matabano. Nusu ya ubeti wa kawaida ina mishororo miwili mifupi iliyofungwa pamoja kwa herufi za mwanzo, kisha mmoja mrefu unaosimama peke yake. Galdralag inaongeza mwingine mrefu unaorudia ule uliotangulia, ila neno moja hubadilika. Katika shairi la Skirnir, mjumbe wa mungu Frey anamtishia binti aitwaye Gerd ili akubali kuolewa, na kitisho chake kinafikia hapa: hvé ek fyrirbýð, hvé ek fyrirbanna, manna glaum mani, manna nyt mani. Anampiga marufuku binti yule asipate furaha ya wanaume, asipate faida ya wanaume. Maneno matatu, yale yale, na la kati tu ndilo linalogeuka.

Tuliufanya mshororo ule majuma kadhaa. Ukiughani kwa sauti moja bapa, msikilizaji anasikia marudio tu na akili yake inalala. Ukiukandamiza mwanzo na mwisho sawasawa ukaacha nguvu yote ianguke kwenye neno lililobadilika, kitu kinakaza chumbani. Mtu wa pili anayekusikia anajua kwamba mlango umefungwa, na sasa unatiwa komeo. Nilizoea kudhani nguvu ya kurudia iko katika wingi: rudia mara nyingi, roho itafunguka. Wale watunzi walifanya kinyume. Walirudia mara moja tu, wakageuza kidogo, wakaondoka. Sijui kama kitisho kile kingemtisha mtu wa leo, lakini mwalimu wetu alipokighani mara ya kwanza, mbwa wa mwenzetu alitoka chini ya meza akaenda kukaa mlangoni.

Na Skirnir huyo huyo, baada ya mshororo ule, anasema atamchongea Gerd runi ya thurs na herufi tatu: ergi, œði na óþola, yaani ashiki, wazimu na kukosa subira. Geuza kile kijiti cha Bryggen upande mwingine, utakuta ergi na óþola, vikitumwa kwa mwanamke ili asikae, asilale, mpaka ampende aliyechonga. Shairi liliandikwa Iceland katika kitabu cha ngozi cha karibu mwaka 1270, kijiti kikachongwa Bergen karne iliyofuata, na nchi zote mbili zilikuwa za Kikristo tangu karibu mwaka 1000. Huenda utabano ulisafiri kwa mdomo muda wote huo. Mimi sehemu ile ya kijiti siighani nikimtazama mtu. Wenzangu hucheka, nami huwaacha wacheke.

Kuna wanaopenda kutaja kelele za Odin. Katika Hávamál, shairi la kale, Odin, mungu mkuu wa Wanorse, mwenyewe anasimulia alivyoning'inia juu ya mti wenye upepo usiku tisa, amechomwa mkuki, bila mkate wala pembe ya kinywaji, kisha akatazama chini, akaziokota runi, akaziokota huku akipiga ukelele. Kwenye semina ile ubeti huo ulitumiwa kutuhimiza tupige mayowe, na tulipiga. Lakini soma beti chache mbele. Yapo pale maswali manane kwa anayetaka kuzitumia: wajua namna ya kuchonga? ya kufasiri? ya kutia rangi? ya kujaribu? ya kuomba, kutoa kafara, kupeleka, kuangamiza? Hakuna linalouliza kama wajua kupiga kelele. Ukelele ulikuwa wa kuzipata. Kuzitumia ni kazi nyingine, ya mikono iliyotulia, na baada ya maswali hayo ubeti unaofuata unaonya kwamba ni heri kutoomba kabisa kuliko kutoa kafara kupita kiasi.

Mahadhi ya matabano hayo hayakuandikwa, kwa hiyo mtu akikuuzia "wimbo halisi wa Waviking" mshike mkono umrudishe kwake. Tulicho nacho kuhusu uimbaji wenyewe ni maneno ya wageni na ya masimulizi. Mgeni mmoja, al-Tartushi, msafiri kutoka Andalusia, alipita Schleswig, mji wa Wadenmark wa zama hizo, karibu mwaka 965 akaandika kwamba hajapata kusikia uimbaji mbaya kuliko wa watu wa pale: mngurumo utokao kooni, unaofanana na kubweka kwa mbwa, bali zaidi ya hapo. Tunamtaja kila jirani wa ukumbi anapogonga ukuta.

Masimulizi ya Iceland yana ushahidi mwema zaidi, na simulizi ninalolipenda kuliko yote ni la Gudrid. Greenland, karibu mwaka 1000, njaa imekaza. Mkuu wa shamba anamwalika mwaguzi Torbjørg, anayekuja amevaa joho lenye vito mpaka kwenye pindo, kofia ya ngozi ya mwanakondoo mweusi iliyotiwa ndani ngozi ya paka mweupe, na fimbo yenye kifundo cha shaba. Anapewa uji wa maziwa ya mbuzi na mioyo ya wanyama. Kesho yake anadai wanawake wanaojua wimbo unaoitwa varðlokkur, kwani bila huo kazi haiendi. Shamba zima hakuna anayeujua. Ndipo Gudrid, msichana mgeni, anaposema: mimi si mchawi wala mwaguzi, ila mama yangu mlezi Halldis alinifundisha wimbo huo kule Iceland. Wanafurahi, yeye anakataa, maana ni Mkristo. Mwenye shamba anambana mpaka anakubali. Wanawake wanafanya duara, Gudrid anaimba, na simulizi linasema waliokuwapo hawakuwahi kusikia ukiimbwa kwa sauti nzuri kiasi kile. Torbjørg anamshukuru: wengi waliotupa kisogo wamekuja, kwa sababu wimbo uliimbwa vizuri. Njaa, anasema, itaisha na majira ya baridi. Gudrid baadaye alisafiri mpaka Amerika ya Kaskazini, akazaa mtoto huko, akaenda kuhiji Roma, akafa mtawa.

Simulizi hili lilinituliza, kwa sababu ya jinsi lilivyogawa kazi. Mwenye elimu ya siri hana wimbo. Mwenye wimbo hana imani nao. Kinachofanya jambo liende ni kwamba mtu mmoja alifundishwa wimbo sawasawa na mama aliyemlea na bado anaukumbuka. Nilimpigia mjomba wangu Tanga, aliyefundisha chuo kwa miaka mingi na bado huandikia watu makombe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Naambiwa na mamako unaimba na makafiri."

"Twaghani mashairi, mjomba. Ya zamani."

"Mnamtabania nani?"

"Hatumtabanii mtu."

"Basi ni shairi," akasema, na kwake shauri likaishia hapo. Lakini alikuwa ameshavutika. Akataka kujua herufi hizo ziliandikwa kwa nini, na anayeandika ndiye anayesoma au ni mwingine.

Nikamsimulia ubeti wa Sigrdrífumál, shairi jingine la Kinorse, ambamo inasemwa kwamba runi zote zilizokuwa zimechongwa zilikwanguliwa, zikakorogwa katika kinywaji kitakatifu, zikapelekwa njia za mbali. Mjomba alicheka kwa furaha. Kombe! Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, huoshwa kwa maji, mgonjwa hunywa. Angefanya hivyo asubuhi ileile. Hakuhitaji kuelezwa kwamba maandishi yanaweza kunywewa, wala kwamba anayeyaandika huyasoma kwa mdomo akiyaandika. Profesa ningemweleza saa nzima.

Nikamwongezea lile la Egil. Egil Skallagrimsson, mshairi na muuaji wa Iceland, alifika kwenye nyumba yenye binti mgonjwa, Helga. Kitandani mwake akakuta mfupa wa nyangumi wenye runi. Kijana mmoja wa mashambani alikuwa amezichonga, na hakuzijua. Egil akazisoma, akazikwangua, akachoma alivyokwangua, akaghani ubeti: mtu asichonge runi asipojua vizuri kuzisoma. Kisha akachonga nyingine, akaziweka chini ya mto, na binti akapata nafuu. Mjomba alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kijana yule alikosea herufi ngapi. Kumi zilizofichwa, nikamwambia, ndizo Egil alizozitaja. "Kumi nyingi," akasema. Alikuwa anafikiria wanafunzi wake.

Kumbukumbu ndiyo inayonitia hofu kuliko matamshi. Hatushiki karatasi. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, anasimulia kwamba mungu Thor alipigana na jitu Hrungnir, kipande cha jiwe la kunolea kikamkwama kichwani. Aliitwa mwaguzi Groa, naye akamtabania mpaka jiwe likaanza kulegea. Thor, kwa kutaka kumlipa, akampa habari njema: mume wako Aurvandil nimembeba kikapuni kutoka kaskazini, kidole chake kimoja cha mguu kiliganda nikakirusha mbinguni kikawa nyota, na yeye yuko njiani anakuja. Groa alifurahi mpaka matabano yote yakamtoka. Jiwe limo kichwani mwa Thor hadi leo. Kikundini kwetu mwenye habari, ziwe njema ama mbaya, anazimeza mpaka ubeti uishe. Mwenzetu mmoja alikaa jioni nzima na ujumbe wa kuzaliwa kwa mjukuu wake mfukoni.

Sasa tunafanya kijiti cha Ribe, Denmark, cha karibu mwaka 1300: msonobari, urefu wa sentimita 30 hivi, na runi pande zake zote. Ni utabano dhidi ya maradhi yanayoitwa "kitetemeshi", na wataalamu wengi wanayafasiri kuwa malaria, iliyokuwapo katika mabwawa ya pwani ya Denmark mpaka karne ya 19. Nilipoelewa hilo nilikaa kitini. Homa yetu ile ile, meno yanayogongana yale yale. Anayetabana anaiomba ardhi na mbingu ya juu, jua, Maria mtakatifu na Mungu mwenyewe, wampe mkono wa tabibu na ulimi wa uhai. Haombi dawa. Kisha anaifukuza homa kutoka mgongoni, kifuani, mwilini na viungoni, popote uovu unapoweza kuingia, na anataja jiwe jeusi lililosimama baharini, juu yake zimelala shida tisa, ambazo hazitalala kwa utamu wala kuamka na joto mpaka mgonjwa apone. Mwisho: amina, na iwe hivyo.

Mwalimu alitaka kila mmoja alete ubeti kwa lugha ya kwao, auone kama unasimama. Wangu nilimpelekea mjomba kwanza, kwa ujumbe wa sauti:

Naomba nchi na mbingu,
na jua na Mola wangu,
mkono na neno langu
vimponye mtetemi.

Alirudisha jibu baada ya swala ya isha. Mizani zimetimia, nane nane. Maria nimemwacha wapi? Na vina vya wangu na langu ni vya watoto wa chuo, nitafute vingine. Halafu akaughani yeye, kwa mahadhi ya utenzi, polepole, akiegemea "neno" kuliko nilivyoegemea mimi, na pale kwenye "mtetemi" akasimama akakohoa, akasema anaurudia tangu mwanzo. Mshororo wa tatu bado naufanyia kazi. Maria haingii kwenye silabi nane bila kumsukuma mtu mwingine nje.